Miti ya Bustani na Siri za Jamaa

Mtu akipanda ulezi, huvuna mwaka uleule, akala, akaweka wa mbegu, na habari yake ikaisha. Mvua za mwaka unaofuata hazikumbuki tuta lile. Lakini mtu akipanda mwembe au mpera, mambo huwa mengine. Mti ule humwona akioa, humwona akizaa, humwona akizeeka, na siku ya kuzikwa kwake ungali umesimama, tena una matunda. Watoto wake huja kukaa kivulini mwake, na pengine kugombana kwa ajili yake.

Sisi tulio hapa Izia na katika nyanda za juu za Ufipa tumetokana na wazee waliokuwa mabingwa wa matuta ya ntumba, yaani yale ya kufukia nyasi ili zioze na kurutubisha udongo. Walijua ulezi na maharagwe kuliko bustani za matunda. Kwa hiyo tukisoma vitabu vya watu wa pwani na vya nchi za mbali, tunaona jambo la kutushangaza kidogo. Mara nyingi siri kubwa ya nyumba haikufichwa sandukuni wala chumbani. Imefichwa nje, kati ya miti.

Leo tutaingia katika bustani tatu. Mbili zilikuwako kweli, na watu waliocheza ndani yake walikua wakaandika habari zao wenyewe. Maandiko ya namna hiyo huitwa kumbukumbu. Bustani ya tatu haikuwako kamwe, maana imetungwa na mwandishi wa hadithi. Lakini msidhani kwamba kwa sababu imetungwa ni ya uongo tu. Tutaona.

Kwanza tuulize: kwa nini bustani? Fikirini desturi iliyo katika vijiji vingi vya nchi yetu. Mgeni akiomba mahali pa kulima, hupewa. Ataambiwa, "Lima mahindi, lima maharagwe, lakini usipande miti." Kwa nini akatazwe? Kwa sababu mahindi ni ya msimu, bali mti ni kama sahihi ya mtu katika ardhi. Aliyepanda mti ataweza kusema kesho, "Hapa ni kwangu, tazameni mti wangu." Huko pwani jambo hili limekwenda mbali zaidi: ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja, na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine, na mtu mwenye shida ya fedha aliweza kuitia minazi au mikarafuu yake rehani, yaani kuiweka dhamana kwa mtu aliyemkopesha, mpaka deni lilipwe. Basi mti hubeba habari za urithi, za deni, na za nani ni mtoto wa nani. Hizi ndizo habari ambazo jamaa hazipendi kuzisema mbele ya wageni.

Tuseme babu mmoja ana mipera sita nyuma ya nyumba yake. Wajukuu wake wanajua kwamba mpera wa kwanza ni wa baba yao, wa pili wa shangazi, na hivi hivi mpaka wa tano. Siku moja mdogo wao anauliza, "Na huu wa sita, babu, ni wa nani?" Babu anakohoa. Bibi anasema maji yamechemka. Huenda ulikuwa wa mtoto aliyekufa, au wa ndugu aliyeondoka kwa ugomvi asirudi tena. Mtoto hajajibiwa, lakini tangu siku ile anajua kwamba kuna jambo. Waandishi wengi walianza hivyo, kwa kuuliza habari za mti wa sita.

Sasa bustani ya kwanza, nayo ni fupi. Mwaka 354 alizaliwa Agostino katika mji wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Algeria. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita alikaa nyumbani bila masomo, maana baba yake alikuwa bado anatafuta fedha za kumpeleka Karthago kusoma zaidi. Karibu na shamba lao la mizabibu palikuwa na mti wa mapeasi. Usiku mmoja yeye na vijana wenzake wakaenda kuutikisa, wakachukua matunda mengi sana, na mengi ya hayo wakawatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa. Tena matunda yale hayakuwa mazuri kwa sura wala kwa utamu, naye kwao alikuwa na mazuri kuliko hayo.

Jambo dogo! Nani kati yenu hajapanda mti wa jirani? Lakini Agostino alipokuwa mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, tena askofu, aliandika kitabu cha maisha yake kiitwacho Maungamo, karibu na mwaka 400, na akaukalia mti ule kurasa nyingi. Hakutaka kujua tu nani aliiba, bali kwa nini mtu aibe kitu asichokihitaji. Akaona kwamba peke yake asingaliiba. Mimi nawaonyesha kisa hiki kwa sababu moja: mwenye siri aliifungua mwenyewe, wala hakuna aliyemlazimisha. Kitabu chake kilikuwa mojawapo cha kwanza ulimwenguni ambamo mtu alijichunguza moyo hivyo mbele ya wasomaji, na aliyekiandika alikuwa mtu wa Afrika.

Bustani ya pili iko karibu nasi zaidi, nayo tutakaa ndani yake kwa muda mrefu, maana ni kubwa na ina vivuli vingi.

Tarehe 30 Agosti 1844 alizaliwa Unguja binti aliyeitwa Salme. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria: mwanamke wa Kicherkesi, aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo na kuuzwa mbali na kwao. Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji. Magofu ya jumba hilo yangaliko hata leo. Alipokuwa bibi wa makamo alieleza jinsi ua wa jumba ulivyokuwa: tausi, paa, mbuni na ndege wa namna nyingi wakitembea huru, na penye nyumba za kuogea palikuwa na michungwa mikubwa sana. Watoto waliupenda mchungwa kwa matunda yake, lakini waliupenda zaidi kwa majani. Walipomwogopa mwalimu wao, aliyekuwa mwanamke mkali kupita kiasi, walipanda juu wakajificha kati ya matawi. Sijui kama ninyi mna mti wa namna hiyo. Kama mnao, msiniambie.

Baba yake alikuwa na mashamba mengi katika kisiwa. Salme aliandika kwamba yalikuwa arobaini na tano. Mengi yalikuwa ya mikarafuu. Mti huo haukuwa wa Unguja tangu asili; uliletwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi walikotawala Wafaransa, na Sayyid Said ndiye aliyewahimiza watu kuupanda kwa wingi.

Sasa siri ya kwanza. Wakati ule wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Watu walidhani mwanamke ajuaye kuandika ataandika yasiyofaa. Salme akataka kujua. Akatwaa mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia kama kibao cha shule, akaanza kuiga herufi za Kurani moja moja pasipo kuwaambia wakubwa. Baadaye akapata mtumwa mmoja aliyesoma akamsahihisha mwandiko. Ilipojulikana alilaumiwa sana, lakini herufi zilikwisha kuingia mkononi, wala hazikutoka.

Na angalieni jinsi siri moja inavyozaa nyingine. Sayyid Said alikufa baharini mwezi wa Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli. Aliacha watoto thelathini na sita walio hai, na urithi ukagawanywa. Salme, msichana wa miaka kumi na miwili, akawa mwenye shamba lake mwenyewe na fedha. Kaka yake Majid akatawala Unguja. Lakini mwaka 1859 kaka mwingine, Barghash, akataka kumpindua Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda Khole kuliko watu wote. Akavutwa. Na kwa kuwa alijua kuandika, msichana huyu wa miaka kumi na mitano akafanywa mwandishi wa wale waliokula njama. Barua zao za siri za kuomba watu na silaha zilitoka katika mkono uliojifunza juu ya mfupa wa ngamia.

Majid akapata habari, akaizunguka nyumba ya Barghash kwa askari. Usiku mmoja dada zake wakaenda kwake, wakamvika Barghash nguo za kike mpaka yakabaki macho tu, wakatoka naye katikati ya wanawake, wakapita mbele ya askari. Walikwenda wapi? Shambani. Wafuasi wa Barghash walijifungia katika shamba moja lililoitwa Marseille, ambalo lilikuwa na nyumba imara, nao wakaigeuza kuwa ngome. Majid akasaidiwa na Waingereza, shamba likapigwa kwa mizinga, Barghash akashindwa na kupelekwa Bombay. Nyumba ya baba mmoja ilikuwa imegawanyika, na mahali ilipopasukia ni kati ya miti ya kifahari iliyopandwa kwa starehe.

Baada ya hapo Salme akakaa mashambani kimya. Alikaa Kizimbani, kisha Bububu, karibu na bahari, mahali alipopapenda mno. Akapatana na Majid, na kwa ajili ya kupatana huko Khole na Barghash wakamchukia. Hata siku moja Majid akamwomba aiache nyumba ya Bububu ili apewe balozi wa Kiingereza. Akaiacha kwa huzuni akarudi mjini. Na huko mjini nyumba yake ikawa jirani na nyumba ya mfanya biashara mmoja wa Kijerumani kutoka Hamburg, jina lake Rudolph Heinrich Ruete. Wakajuana, wakapendana.

Mwezi wa Agosti 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri, usiku, katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akafika Aden. Huko tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa na Ruete aliyemfuata. Wakaenda Hamburg. Wakapata mabinti wawili na mwana mmoja. Lakini mwaka 1870 bwana Ruete aligongwa na gari la reli la mjini akafa, na Emily akabaki mjane katika nchi ya baridi, mwenye watoto watatu wadogo.

Sasa fungueni masikio, maana hapa ndipo penye somo. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake katika Ujerumani. Katika utangulizi alieleza kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake. Hawakujua habari zake ila kwamba alikuwa Mwarabu aliyezaliwa Unguja, naye alikuwa mgonjwa na mchovu, akaogopa kwamba atakufa kabla hawajawa wakubwa wa kusimuliwa. Kwa hiyo akawapa yote: michungwa, tausi, mwalimu mkali, njama, barua. Je, kweli aliwapa yote? La. Alipoondoka Unguja alikuwa na mimba. Hiyo ndiyo sababu hakuweza kungoja, maana maisha yake yalikuwa hatarini. Mtoto wake wa kwanza, mwanamume, alizaliwa Aden mwezi wa Desemba 1866, akafa mwaka uliofuata. Katika kitabu kile kilichojaa habari za miti na wanyama na nguo, mtoto huyu hamna.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita aliponisikia nikisoma hayo aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kama yeye hakuandika, sisi tunajuaje?" Swali zuri. Tunajua kwa sababu watu wengine nao waliandika, hasa maofisa wa Kiingereza waliokuwa Unguja, ambao walipeleka barua kwa wakubwa wao kueleza mambo yaliyotokea. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni dirisha moja. Anayetaka kuiona nyumba yote hana budi kuzunguka nje na kuchungulia madirisha mengine.

Wako watakaosema kwamba bibi huyu alidanganya. Mimi sisemi hivyo. Siri ile ilikuwa yake, na uchungu wa kumzika mtoto ulikuwa wake. Tena wakati ule jambo lile lingewaletea watoto wake walio hai fedheha katika nchi ya ugeni. Mtu ana haki ya kufunga mlango wa chumba chake. Lakini msomaji mwema huuona mlango uliofungwa, asiupite kama ukuta mtupu.

Kuna mlango mwingine uliofungwa katika kitabu kile, na huu siuachi upite kwa upole. Nani waliipanda mikarafuu ile? Nani walipanda juu kuchuma vikonyo, wakavianika juani, wakazibeba gunia mpaka pwani? Walikuwa watumwa. Wengi walitoka bara, katika nchi zilizozunguka maziwa yetu makubwa; wazee wetu huku magharibi walizijua njia zile za misafara kwa hofu. Bibi Salme aliandika habari za utumwa, lakini kwa kuutetea. Aliona kwamba watu wa Ulaya hawauelewi. Bustani aliyoikumbuka kwa machozi ilikuwa ya kupendeza kwa yule aliyekaa kivulini. Aliyekuwa juu ya mti akichuma, jina lake hatulipati. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wakati Barghash yuleyule alipokuwa Sultani, na utumwa wenyewe uliondolewa katika sheria mwaka 1897.

Ni mara chache mtu aliyetekwa utotoni alipata kalamu. Mmoja aliyeipata alikaa karibu nasi: Adrien Atiman wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alizaliwa upande wa Timbuktu, Afrika ya Magharibi, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, mwishowe akakombolewa na mapadre katika Algeria. Akasomea uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa ziwani mpaka kufa kwake mwaka 1956. Habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa Tanganyika mwaka 1946. Salme aliweza kurudi Unguja mwaka 1885 na kuuona mji wao, ingawa Barghash hakumpa urithi wake. Mtoto aliyeibwa huwa hana bustani ya kurudia. Ukisoma kumbukumbu za watu wawili hawa pamoja, kila moja inaijibu nyingine.

Twende sasa katika bustani ya tatu, ile iliyotungwa. Mwandishi wake ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwaka 1994 alitoa kitabu kwa Kiingereza, nacho baadaye kikafasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi.

Hadithi ni ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, katika siku ambazo Wajerumani walikuwa wakiishika nchi yetu. Baba yake ana nyumba ya wageni katika mji mdogo wenye stesheni ya reli. Mara kwa mara huja tajiri mmoja, mtu mpole anukiaye manukato, ambaye Yusuf humwita Ami Aziz. Naye kila aondokapo humpa mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa afunge mzigo, atasafiri na ami yake mpaka pwani. Anafurahi, maana anapenda garimoshi. Hakuna anayemwambia kwa nini.

Huko pwani anawekwa dukani pamoja na kijana aitwaye Khalil. Na Khalil ndiye anayemwambia lile ambalo baba na mama yake hawakulisema: yule si ami yako. Baba yako ana deni kwake, hakuweza kulipa, na wewe umewekwa rehani. Kumbukeni niliyowaambia mwanzoni, jinsi minazi na mikarafuu ilivyoweza kuwekwa rehani. Mtoto huyu amewekwa kama mnazi.

Nyuma ya duka kuna nyumba ya tajiri, na ndani ya ukuta kuna bustani. Mwandishi anaieleza kwa upendo: imegawanywa sehemu nne, ina birika katikati na mifereji ya maji inayokwenda pande zote, ina michungwa na mikomamanga na maua ya harufu nzuri. Yusuf anaitamani. Anaomba kumsaidia Mzee Hamdani, mtunza bustani, ambaye hasemi ila kuimba nyimbo zake kwa sauti ya chini. Mzee huyu ni mtumwa. Alikwisha pewa uhuru akaukataa. Maana kwake hakuna mtu awezaye kumpa mwenzake kitu ambacho ni chake tangu kuzaliwa. Katika miti wametundika vioo vidogo. Yusuf anadhani ni pambo. Kumbe kuna bibi aliyejifungia ndani ya nyumba kwa sababu ya alama iliyo usoni mwake, naye kwa vile vioo humtazama kila atembeaye bustanini bila yeye mwenyewe kuonekana. Tena kuna Amina, ambaye Khalil humwita dada. Naye pia ana habari ya kuibwa na ya deni, ambayo hufunuliwa kidogo kidogo. Sitawamalizia. Kisomeni mtakapokuwa wakubwa kidogo, maana kina mambo mazito.

Linganisheni sasa. Jina la Yusuf si la bure: mnamjua Yusufu mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake. Na jina Peponi si la bure pia. Ukuta wa bustani ile unazuia vumbi la nje, lakini unawazuia na waliomo ndani. Kila mtu aliye karibu na michungwa ile amefika pale kwa deni au kwa kununuliwa, isipokuwa mwenyewe na mke wake. Salme hakuliandika jambo hilo juu ya mashamba ya baba yake, kwa sababu alilipenda na alizaliwa juu yake. Miaka mia moja na zaidi baadaye mtu wa kisiwa kilekile akatunga bustani isiyokuwako, akamweka katikati yake mtoto wa rehani na mtumwa mzee, akatuonyesha ile sehemu ambayo kumbukumbu ziliiruka. Ndiyo maana nilisema hadithi ya kutungwa si uongo tu.

Tena pana tofauti nyingine, nayo ndiyo naitaka muishike kuliko zote. Siri ya Salme ilikuwa mali yake mwenyewe. Siri ya baba yake Yusuf haikuwa mali ya baba. Ilihusu mwili na miaka ya mtoto, nayo ilifichwa kwa mtoto huyohuyo. Wakubwa husema, "Ni mdogo, hataelewa." Lakini Yusuf aliweza kuelewa mara moja alipoambiwa na Khalil, ambacho hakuweza kuelewa ni kwa nini mama yake alimwacha apande garimoshi akiwa anacheka. Katika vitabu na katika nyumba zetu kuna siri za namna zote mbili, nazo kwa nje hufanana: wazee wanakohoa, maji yanachemka. Ili kuzitenga, uliza siri hii inamhusu nani, na kama mwenyewe anaijua.

Kazi ya darasa. Chora bustani ya Mtoni na bustani ya Aziz kwa kadiri zilivyoelezwa, ukionyesha mahali alipokaa mwenye bustani, mahali alipofanya kazi mtumwa, na mahali alipojificha mtoto. Kisha ujibu: kwa nini kujua kuandika kulimwingiza Salme hatarini? Barua za maofisa zinatuambia nini ambacho kitabu chake hakituambii, nazo zenyewe huenda zinaficha nini? Kwa nini Mzee Hamdani aliukataa uhuru aliopewa, nawe ungalimjibu nini? Mwisho, nenda ukamwulize mzee wa kwenu habari za mti mmoja ulio karibu na nyumba: nani aliupanda, mwaka gani, na kwa nini mahali pale. Andika majibu yake kama alivyoyasema. Akinyamaza, andika kwamba alinyamaza, wala usimsumbue. Daftari hilo utanionyesha ikiwa yeye ameruhusu.